Nyuma ya Kadi

"Kompyuta imesema kipo hapa," dereva alisema, naye alikuwa amesimama mlangoni mwa choo.

Dada Vumbi aliacha kupiga deki. Dereva alikuwa mtu mnene, suruali yake ya jinzi imepauka magotini, futi ya chuma inaning'inia kwenye mkanda. Mkononi alishika kikaratasi kilichotoka kwenye printa muda si mrefu. Alikisoma, akatazama masinki, akatazama milango mitatu ya choo iliyokuwa wazi, akakisoma tena.

"Chumba cha tatu, rafu ya saba," alisema. "Na nimehesabu vyumba, sikukurupuka. Hiki ndicho cha tatu. Sasa dada yangu, rafu ya saba ndiyo ipi? Hii ya kunawia mikono?"

"Hiki kilikuwa chumba cha tatu zamani, kaka. Paa lilivuja, vitabu vikahamishwa, wakajenga choo."

"Lini hiyo?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Na kompyuta haijaambiwa?"

Dereva aliuliza huku akicheka, lakini swali lile lilimkaa Dada Vumbi kifuani. Miezi minne sasa, tangu mashine zile ziwashwe, alikuwa akiwaona watu wakija pale na vikaratasi. Walichungulia, wakaona ndoo na deki, wakaguna, wakaondoka. Yeye akadhani wamebanwa na haja na wanaona aibu kuingia mbele ya mfagizi. Mara nyingine alitoka nje kabisa ili kuwapisha. Kumbe walikuwa wanatafuta vitabu.

"Nipe nione," alisema, akajifuta mikono kwenye aproni.

Jina la Dada Vumbi alipewa na wasomaji. Kila walipoinua macho kutoka kwenye ukurasa walimwona na kitambaa chake, rafu hadi rafu, juu hadi chini, bila haraka, kama mtu anayeosha uso wa mtoto aliyelala. Aliishia darasa la saba. Lakini mtu anayefuta vumbi kwenye kitabu hukishika, na mtu aliyeshika vitabu kwa miaka sita huvijua kwa uzito, kwa harufu, kwa jinsi mgongo ulivyochanika. Kitabu kilichoandikwa kwenye kikaratasi cha dereva alikuwa amekishika wiki iliyopita.

"Umekuja kukisoma?" aliuliza wakiwa njiani.

"Mimi? Mimi nimekuja kupima kabati." Alipiga futi yake kofi. "Lile kubwa la mbao pale ukumbini, lenye vidroo vingi. Ijumaa saa sita nalibeba. Fundi samani kanunua mbao. Makaratasi ya ndani yanakwenda kiwandani kusagwa, yatengenezwe trei za mayai." Akashusha sauti. "Sasa nesi wa kliniki aliniandikia jina la kitabu tangu mwaka jana. Binti yangu ana miaka minne, hasikii. Hajasikia tangu azaliwe. Nikajisemea, kwa kuwa leo nimo ndani ya maktaba na sijafukuzwa, si niulize tu."

Walikuwa wamefika mbele ya kabati lenyewe. Droo sitini, kila moja na kishikio cha shaba na kibandiko cha herufi. Ndani ya kila droo kadi zilikuwa zimesimama zimebanana, na fimbo nyembamba ya chuma imepita kwenye matundu yake ya chini, kutoka mbele hadi nyuma, ili mtu asichomoe kadi akaondoka nayo. Fimbo ilifungwa kwa ufunguo mdogo. Ufunguo wenyewe ulikuwa kwenye kamba shingoni mwa Dada Vumbi, pamoja na wa stoo ya sabuni.

Alifungua, akavuta fimbo, akachomoa kadi moja. Mbele yake palikuwa na chapa ya mashine ya zamani: jina la kitabu, mwandishi, namba, chumba cha tatu, rafu ya saba. Akaigeuza.

Nyuma palijaa penseli. Mwandiko mdogo, umeinama kulia: *Kimehamia juu, ukuta wa kaskazini, dirisha la tatu. Huulizwa na wazazi. Wengi hawajui jina lake, husema "kile cha mikono". Usiwacheleweshe, huwa wametoka mbali.*

Dereva aliisoma mara mbili. "Nani kaandika?"

"Shangazi yangu."

Kitabu kilikuwa palepale, dirisha la tatu. Dereva alikifungua kwa vidole vyake vinene na kwenye kila ukurasa mlikuwa na mikono iliyochorwa: mikono inayokula, mikono inayolala, mikono inayomwita mama. Mzaha wote ulimtoka. Aliweka kitabu kwenye kizingiti cha dirisha, akaweka viganja viwili mbele ya kifua, vikiangalia juu, akachezesha vidole.

"Hii wameandika ni nini?" aliuliza. "Nimekuja bila miwani."

Dada Vumbi alisogea akasoma. "Subiri."

"Subiri!" Dereva aliangua kicheko, machozi yakimlengalenga. "Mungu wangu. Hilo ndilo neno la kwanza linalotakiwa nyumbani kwangu."

*

Mkuu wa maktaba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye meza iliyojaa barua za watu waliomzidi cheo. Pembeni yake aliketi Mtaalamu wa kompyuta, vipokea sauti vikimzunguka shingo, akila karanga moja moja.

"Data zote zimeingia," Mtaalamu alisema baada ya kumsikiliza Dada Vumbi. "Asilimia mia. Vijana wangu walipiga picha droo zote sitini, kadi moja baada ya nyingine."

"Mbele tu."

"Mbele tu nini?"

"Walipiga picha mbele. Fimbo iko na ufunguo na kadi zimebanana. Hakuna aliyekuja kuniomba ufunguo."

Mtaalamu aliacha kutafuna. "Kadi ina nyuma?"

Mkuu alijifanya anatafuta kalamu. "Dada Vumbi, hayo ni maandishi ya penseli. Kumbukumbu za mtu binafsi."

"Ni mahali vitabu vilipo, Mkuu."

"Vitabu visivyoonekana tunavijua." Akasukuma karatasi iliyobanwa pini. "Karani wa mapokezi anaandika kila kinachotafutwa kikakosekana. Elfu moja mia moja arobaini na sita. Mwisho wa mwezi vinafutwa kwenye orodha kama vilivyopotea."

"Vikishafutwa?"

Mtaalamu ndiye aliyejibu, kwa wepesi, kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. "Kitabu kisichokuwa kwenye orodha si kitabu, sista. Ni karatasi chakavu. Ghorofa ya juu ikisafishwa, vinaondoka."

Dada Vumbi alitazama ile karatasi. Namba zilishuka mstari kwa mstari, na kwa kila namba aliona mgongo wa kitabu: kile cha kijani chenye doa la chai, kile cha nyuki, kile kinene cha sheria ambacho hukishika kwa mikono miwili.

"Havijapotea," alisema. "Kila Jumatano navifuta."

"Kazi yako hapa ni nini?" Mkuu aliuliza, akiinua macho kwa mara ya kwanza.

"Kufuta vumbi."

"Basi."

"Basi ndiyo hiyo, Mkuu. Siwezi kufuta vumbi kwenye kitabu ambacho hakipo."

Mtaalamu alitaka kucheka, akaona uso wa Mkuu, akarudia karanga zake.

"Kabati linaondoka Ijumaa," Mkuu alisema. "Nafasi ile inatakiwa. Agizo limetoka juu, mimi mwenyewe sina kauli. Nenda kaendelee na kazi."

Dada Vumbi alikwenda. Lakini alipofika kwenye kabati hakuendelea na kazi. Aliivuta droo ya kwanza, akafungua fimbo, akaanza kugeuza kadi, moja baada ya nyingine, nyuma ikae mbele.

*

Shangazi alikuwa amekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, redio kwenye mapaja. Alikuwa amepanga kadi za maktaba ile kwa miaka thelathini na moja, mpaka macho yalipoanza kuona ukungu. Aliposikia habari ya choo alicheka hadi maji yakamwagika.

"Rafu ya saba!" alisema akijipangusa. "Waache. Waache wakatafute vitabu chooni. Si walisema mimi nimepitwa na wakati?"

"Shangazi, vitafutwa. Vyote vya juu."

"Na vifutwe! Watanikumbuka."

"Hawatakukumbuka. Hawajui hata kama kadi ina nyuma."

Kicheko kilikatika. Redio iliendelea kuongea yenyewe.

"Nataka maneno yako yaingie kwenye kompyuta," Dada Vumbi alisema.

"Maneno yangu? Mle?" Shangazi alitoa mguu mmoja majini kama anayetaka kuondoka. "Thubutu! Penseli yangu haiingii kwenye lile televisheni. Mtu anayetaka kitabu aje, aseme shida yake, aangaliwe usoni. Ndivyo tulivyofanya."

"Uliandika ili nani asome?"

"Nini?"

"Nauliza tu. Uliandika kila mtu alivyokuja na shida yake, anakiitaje kitabu, kimehamia wapi. Halafu ukaweka nyuma. Ukapitisha chuma. Ukafunga kwa ufunguo. Ufunguo ukanipa mimi wa darasa la saba, ukaniambia usimpe asiyeuliza. Sasa nani angeuliza, Shangazi? Yule dereva asingeingia chooni leo, hata mimi nisingejua."

"Mkuu wa zamani alinikataza penseli mbele!" Sauti ya Shangazi ilipanda. "Alisema mbele ni pa serikali. Ningefanyaje? Nikaandika nyuma. Na wahuni walikuwa wanaiba kadi, wanaandikia barua za mapenzi. Nikafunga. Wewe ulikuwa bado unanyonya, leo unanihukumu!"

"Sikuhukumu."

"Unanihukumu."

"Haya, nakuhukumu."

Shangazi alimgeukia, akamtafuta kwa yale macho yenye ukungu. Midomo ilimcheza, haikujulikana kama ni hasira au kitu kingine. Mwisho alirudisha mguu kwenye beseni.

"Mkaidi," alisema. "Umemrithi nani sijui." Akapunguza sauti ya redio. "Ufunguo unao wewe. Unaniuliza mimi nini?"

*

Alhamisi asubuhi Dada Vumbi aliingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nichagulie kumi," alisema.

"Kumi nini?"

"Kwenye hiyo orodha ya vilivyopotea. Popote unapotaka. Nikikosa hata viwili, kabati nitalipakia mwenyewe kwa mgongo."

Mtaalamu, ambaye maisha yake yote alikuwa hajaona mfagizi akimtolea bosi masharti, alichukua kalamu kabla Mkuu hajakataa. Akazungushia duara namba kumi, akirukaruka kurasa. Dada Vumbi akachukua karatasi na toroli la vitabu. Magurudumu yalisikika yakilia ukumbini, droo zikifunguliwa na kufungwa, kisha nyayo zikipanda ngazi.

Baada ya dakika arobaini toroli lilirudi na vitabu tisa, kila kimoja na kadi yake juu. Mtaalamu alivigeuza kimoja kimoja, akilinganisha namba na orodha. Kila alipomaliza kimoja alisema "ehe" kwa sauti ndogo zaidi.

"Tisa," Mkuu alisema. "Nilikwambia. Vipo vilivyopotea kweli."

"Cha kumi hakijapotea. Kadi yake ninayo." Akaiweka mezani, nyuma ikiwa juu.

Mkuu alivaa miwani. Mtaalamu akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti kabla hajazuiwa: *"Kachukua mkutubi msaidizi mpya, yule wa koti la kijivu lenye kiraka. Kaahidi atarudisha Jumatatu. Kijana mzuri ila msahaulifu."*

Mtaalamu alitazama juu, akatazama kadi, akatazama kigingi cha nguo nyuma ya mlango. Palining'inia koti la kijivu, limezeeka, kiwiko chake cha kushoto kimeshonewa kiraka cha ngozi.

"Hili si lile," Mkuu alisema upesi mno. Kisha, baada ya muda, "Lile liliisha. Nilinunua lingine la namna hiyohiyo."

Alivua miwani akaisugua, ingawa ilikuwa safi. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini. "Aliandika kijana mzuri?"

"Ila msahaulifu," Mtaalamu alikumbusha.

Dada Vumbi hakucheka. Alisubiri.

"Siwezi kulizuia kabati," Mkuu alisema. "Nikipiga simu huko juu nikawaambia kuna penseli nyuma ya kadi, watanicheka. Ijumaa saa sita ni Ijumaa saa sita. Lakini mpaka saa hiyo..." Akamgeukia Mtaalamu. "Hiyo mashine yako, ina mahali pa kuweka maneno kama haya?"

"Ipo sehemu ya maelezo. Iko tupu kwa vitabu vyote. Hatukujua tuweke nini."

"Mwonyeshe."

*

Mtaalamu alimletea kompyuta moja kwenye meza ndogo, ubavuni mwa kabati, chini ya dirisha linalotazama ua. Akamwonyesha pa kubofya, pa kuandika, pa kuhifadhi. Alitegemea kueleza mara tatu. Mara ya kwanza ilitosha.

"Hii mashine ni droo tu," Dada Vumbi alisema, akiiangalia vizuri. "Kumbe mlikuwa mnatuogopesha bure. Ni droo ambayo hamkumaliza kuijaza."

"Droo isiyo na fimbo," Mtaalamu alisema.

"Hapo sasa mmenipita."

Alichapa kwa kidole kimoja. Hakuwahi kugusa kibodi ila kwa kitambaa, na herufi alizokuwa akizipangusa kila siku sasa zilijificha. Alitafuta *k* kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia. *Kimehamia juu.* Hifadhi. Kadi nyingine. *Wavuvi hukiita "kitabu cha fundo".* Hifadhi. *Ukurasa wa ramani umechanika, nakala imo ndani ya kile cha barabara.* Hifadhi. Mchana alisahau kula. Karani wa mapokezi alipita akasema, "He, leo ufagio umeota vitufe!" na Dada Vumbi akamjibu bila kugeuka, "Choo ni kichafu, ufagio mwenyewe uko kona ya kushoto."

Jioni alikuwa amemaliza ishirini na nane.

Ijumaa alifika kabla mlinzi hajafungua geti. Juu ya kabati alikuta kitu kimefungwa kwa gazeti. Ndani mlikuwa na kitabu chembamba cha jalada jekundu, kimekunjwa pembe kwenye ukurasa wa arobaini. Hakuna aliyesema kimetoka wapi. Alikinyoosha pembe, akakifuta vumbi, akaandika kwenye mashine: *Kimerudi.*

Saa tatu mwanamke mmoja mwenye mizinga kumi ya nyuki, aliyekwisha kuja mara mbili akatoka mikono mitupu, aliandika neno "nyuki" kwenye kompyuta ya wasomaji. Kikaratasi kikatoka. Alikisoma, akapanda ngazi moja kwa moja hadi juu, na Dada Vumbi akasikia viatu vyake vikisimama mahali hasa vilipotakiwa kusimama. Hakuinuka kwenda kumwangalia. Alichapa.

Saa sita kasoro, lori liliingia uani. Lilirudi nyuma likilia, likasimama chini ya dirisha, injini ikitetemesha vioo. Wapagazi wawili walishuka na kamba.

Mkuu alitokea mlangoni. Leo hakuvaa koti.

"Muda umekwisha, Dada Vumbi."

"Bado."

"Nimekwambia..."

"Nimesikia, Mkuu. Nimemaliza sitini na tatu. Nimebakiza elfu moja na themanini na tatu."

"Hiyo ni kazi ya miezi!"

"Ndiyo."

"Watu wa juu watataka kujua kwa nini kabati liko hapa."

"Waambie mfagizi amekalia ufunguo." Akaunyanyua kutoka kifuani, akaurudisha ndani ya blauzi. "Droo zote nimezifunga. Wanaotaka mbao waje na shoka, na wapasue wakati wasomaji wanaangalia."

Mkuu aligeuka. Wasomaji kweli walikuwa wanaangalia. Mwanamke wa nyuki alikuwa amesimama katikati ya ngazi, kitabu kifuani, na hakuonekana kuwa na haraka ya kwenda popote. Mtaalamu, aliyekuwa akipanga waya zake kwenye sanduku, aliacha kupanga. Alitoa waya mmoja, akakaa upande wa pili wa meza, akafungua kompyuta yake mwenyewe.

"Nisomee," alimwambia Dada Vumbi. "Mimi natumia vidole kumi."

Mkuu alipita kati yao hadi dirishani, akalifungua kwa nguvu. "Dereva! Wewe dereva! Waambie watu wako wapande huku juu wabebe kabati!"

Chini, dereva alitoa kichwa kwenye kibanda cha lori. Alimtazama Mkuu. Kisha akatazama kando yake, ndani zaidi, hadi alipomwona mwanamke wa aproni mbele ya mashine na kadi mkononi. Akazima injini. Vioo viliacha kutetemeka. Akashuka, akaegemea mlango wa lori, akainua mikono yake minene mbele ya kifua, viganja juu, vidole vikicheza, kama siku ile kwenye dirisha la tatu.

"Anafanya nini huyo?" Mkuu aliuliza. "Anasema nini?"

Dada Vumbi alichomoa kadi iliyofuata, akaigeuza.